Jinsi ya kusoma vitabu vya zamani vya Moscow na Peking: anzia ukurasa wa nyuma

Vile vitabu vya Progress Publishers Moscow na Foreign Languages Press Peking (Beijing ya leo), yani wachapishaji wa serikali ya Kisovieti na ya China waliotafsiri vitabu vyao kwa lugha za nje, bado vipo vingi sana, viko kwenye maktaba za vyuo, kwa wauza vitabu used, kwenye makabati ya watu waliosoma miaka ya sabini, na siku hizi vingi vimeskaniwa viko bure intaneti. Shida ni kwamba watu wamegawanyika mafungu mawili, wengine wanasema ah hiyo propaganda tupa kule, wengine wanasoma tu bila kuuliza chochote kana kwamba serikali nzima ilijipinda kutafsiri, kuchapa na kusafirisha kitabu kwa bei ya kutupa bila sababu yoyote. Wote wanakosa uhondo. Ndani ya kitabu kimoja cha hivi kuna watu watatu, kuna mwandishi, kuna mfasiri, na kuna serikali iliyolipa, na ukiweza kuwatenganisha unapata hadithi tamu na historia juu yake. Kuwatenganisha sio kazi ngumu, ushahidi mwingi wameuacha wenyewe kitabuni.

KWANZA, KIMETOKA OFISI GANI

Usiviite vyote "vitabu vya Warusi" au "vitabu vya Wachina" ukaishia hapo. Upande wa Moscow kazi ilianza 1931 na ushirika wa wafanyakazi wa kigeni waliokuwa wanaishi Muungano wa Kisovieti, baadae ikawa Foreign Languages Publishing House, afu 1963 ndo likaja jina la Progress ambalo wengi wanalijua. 1982 Progress ikamegwa, hadithi, mashairi na vitabu vya watoto vikaenda kwa mchapishaji mpya anaitwa Raduga, Progress ikabaki zaidi na siasa, uchumi na falsafa. Mir, mchapishaji mwingine wa Moscow, wao ni sayansi na hesabu, japo walitoa pia hadithi za kubuni za kisayansi, so ukizikuta usishangae.

Peking, Foreign Languages Press ilianza 1952, lakini jarida la Chinese Literature lilitangulia 1951 na ndo humo hadithi nyingi zilipita kwanza kabla ya kuwa kitabu. Hanoi nao walikuwa na Foreign Languages Publishing House yao kuanzia 1957. Budapest kulikuwa na Corvina tangu 1955, na Berlin Mashariki kulikuwa na Seven Seas tangu 1958, hawa ni wa ajabu kidogo maana walichapa Kiingereza tu, tena vitabu vyenye majalada laini vya kubeba mfukoni.

Kwa nini inakuhusu? Kwa sababu jina la ofisi linakupa miaka hata kama mwaka haujaandikwa. Vitabu vingi vya Moscow vya miaka ya hamsini havina mwaka kabisa, wameandika tu Foreign Languages Publishing House, Moscow, basi. Hapo unajua angalau ni kabla ya Progress kuzaliwa. Na ukiona Raduga, hakiwezi kuwa cha kabla ya 1982, hata muuzaji akuapie kwamba ni cha enzi za Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti aliyekuja baada ya Stalin.

PILI, GEUZA KITABU UANZE NYUMA

Hapa ndo penyewe, na ndo watu wengi wanaporuka.

Chukua kitabu cha Progress cha miaka ya sabini, angalia ukurasa wa nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Chini kabisa utakuta mstari wa namba unaoonekana kama takataka za kiwandani, kitu kama 014(01)—79. Hiyo 014 ni namba ya Progress, na hizo mbili za mwisho baada ya kistari ni mwaka, yani 1979. Raduga wana 031. Ukishaizoea hii huhitaji mtu akwambie toleo, unafungua, unasoma mstari, unafunga. Juu yake au ukurasa wa mwisho kabisa kunakuwa na maandishi ya Kirusi, jina la mwandishi, jina la kitabu cha asili, na lugha kilichotafsiriwa. Kama husomi Kirusi elekezea kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, itakutolea. Usiache kuangalia jina la asili, maana mara nyingine mkusanyiko wa hadithi uliopewa jina zuri kwa Kiingereza hauna kabisa kitabu cha asili chenye jina hilo, umekusanywa na ofisi kwa ajili ya wasomaji wa nje tu, na hiyo tayari ni habari.

Alama ya hakimiliki nayo inasema kitu. Muungano wa Kisovieti uliingia kwenye mkataba wa kimataifa wa hakimiliki Mei 1973, kwa hiyo ile © yenye maelezo kwamba tafsiri ni mali ya Progress utaanza kuiona kwa mpangilio kuanzia hapo.

Afu kuna kitu kimoja nakipenda sana. Vitabu vingi vya Progress mwishoni vina ombi kwa msomaji, wanasema watafurahi kupata maoni yako kuhusu kitabu, tafsiri yake na muundo wake, andika kwa Zubovsky Boulevard, Moscow. Kwenye vya zamani namba ya jengo ni 21, kwenye vya miaka ya themanini utakuta 17. Yani hata ombi la barua linakusaidia kukisia umri. Na soma vizuri wanachouliza, wanataka maoni ya tafsiri na ya sura ya kitabu, ofisi iko Moscow, wasomaji wametawanyika dunia nzima, hawana duka wala mauzo ya kuwaambia kama kitabu kimependwa au kimekaa kwenye boksi. Mchapishaji wa kawaida akikosea sokoni anafilisika, hawa wakikosea hawajui, ndo maana wakawa wanaomba barua.

Kwa vitabu vya Peking mambo ni rahisi zaidi. Tahajia ya mji ndo saa yako. Wachina walianza kutumia rasmi tahajia mpya kwenye machapisho ya nje Januari 1979, kwa hiyo Peking ni kabla na Beijing ni baada, kuna vichache vya mpito lakini kanuni inashika. Anwani ya mchapishaji ni 24 Baiwanzhuang Road, na msambazaji ni Guoji Shudian, sanduku la posta 399. Wao kwa kawaida wanaandika toleo la kwanza mwaka fulani, toleo la tatu mwaka fulani, usiridhike na ule mwaka wa kwanza, mwaka wa toleo ulilonalo mkononi ndo unaotakiwa.

TATU, ULIZA MWAKA HUO KULIKUWA NA NINI

Kitabu kilekile cha mwandishi yuleyule kinaweza kuwa vitu viwili tofauti kutegemea kimetoka lini.

Upande wa China gawanya hivi: kabla ya 1966, kati ya 1966 na 1976, na baada ya hapo. Kabla ya 1966 walikuwa wanatafsiri kwa upana, hadithi za kale, tamthilia, washairi wa enzi za Tang, waandishi wa karne ya ishirini. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kusafisha chama na utamaduni, yalipoanza 1966 orodha ikasinyaa vibaya, waandishi waliokuwa wanasifiwa jana wakawa hawatajwi, kurasa za mbele zikajaa nukuu za Mao. Lu Xun, mwandishi wa hadithi fupi, ndo karibu peke yake aliyevuka vipindi vyote salama, kwanza alifariki 1936 so hakuwepo wa kumkosoa kwa jambo jipya, pili Mao mwenyewe alikuwa amemsifu. Kwa hiyo ukikuta mkusanyiko wa hadithi za Lu Xun toleo la 1972 usifikiri China ya 1972 ilikuwa imefungulia fasihi, ni kwamba huyo ndo alikuwa anaruhusiwa. Tangu 1981 wakaja na mfululizo wa Panda Books, mradi wa Yang Xianyi, mfasiri tutakayemkuta hapo chini, vidogo vyepesi vya bei nafuu, humo ndo utakuta waandishi wa kike wa kisasa na hadithi ambazo miaka kumi nyuma zingemfunga mtu.

Mfano mkali kuliko yote sio wa fasihi lakini inabidi niutaje maana unafundisha macho. Kile kitabu chekundu cha nukuu za Mao, matoleo ya lugha za nje ya 1966 na 1967 yana dibaji ya Lin Biao, waziri wa ulinzi na mtu wa karibu wa Mao. Septemba 1971 Lin Biao akafa kwenye ajali ya ndege Mongolia, afu akatangazwa msaliti, watu wakachana ule ukurasa au wakafuta jina lake. Ndo maana wakusanyaji wakishika kitabu hicho wanaangalia kwanza kama karatasi ya dibaji ipo. Fanya hivohivo kwa kitabu chochote cha namna hii, hesabu kurasa za mwanzo, angalia kama kuna karatasi iliyokatwa karibu na mshono, angalia kama kuna karatasi ndogo ya masahihisho imechomekwa.

Upande wa Moscow mpaka wako ni 1956, hotuba ya Khrushchev ya kumkosoa Stalin. Dibaji inayommiminia Stalin sifa ni ya kabla ya hapo. Afu kuna yale yasiyokuwepo, na haya usiyasahau maana kitabu hakitakwambia kisichokuwemo kwenye katalogi. Doctor Zhivago ya Pasternak ilitoka Italia 1957, Muungano wa Kisovieti wenyewe haikuchapishwa mpaka 1988, sasa utaitafutaje kwenye orodha ya Progress ya 1970? Ukisoma vitabu vya serikali peke yake utadhani fasihi ya Kirusi ya karne ya ishirini ni Gorky, Sholokhov na Mayakovsky basi. Kila ukisoma kimoja cha ofisi, tafuta na kimoja ambacho ofisi haikukitaka.

NNE, MTAFUTE MFASIRI

Hii ndo sehemu ambayo mimi naona inawapa hivi vitabu thamani, na nitakaa hapa kidogo.

Ofisi hizi zililipa watu mshahara, mwezi kwa mwezi, miaka kwa miaka, watafsiri. Mchapishaji wa biashara hawezi kukulisha miaka kumi uhangaike na riwaya ya kale yenye sura 120, atakwambia itauzwa nakala ngapi. Serikali ilikuwa haiulizi hivo. Ndo maana tafsiri kubwakubwa za kale za Kichina kwa Kiingereza nyingi zilipita hapo. Yang Xianyi na mkewe Gladys Yang, yeye Mchina aliyesoma Oxford, mkewe Mwingereza aliyesomea Kichina hukohuko, walitafsiri mlima wa vitabu, mume akitamka tafsiri huku kitabu cha Kichina kiko mbele yake, mke anapiga taipu na kunyoosha. A Dream of Red Mansions, ndo hiyo riwaya ya kale ya sura 120, walianza mwanzoni mwa miaka ya sitini, ikasimama, wakafungwa 1968 wote wawili, wakatoka 1972, na majuzuu matatu yakatoka 1978 hadi 1980. Ofisi ileile iliyowapa kazi ni ya serikali ileile iliyowaweka ndani. Sasa mtu akikwambia hivi ni vitabu vya serikali tu, muulize serikali gani hapo, ile iliyolipa au ile iliyofunga?

Na kuchagua hawakuwa wanachagua wao. Wafasiri walipewa orodha. Bonnie McDougall, aliyefanya kazi palepale Foreign Languages Press mwanzoni mwa miaka ya themanini, ameandika kitabu kizima kuhusu hili, anatofautisha kazi ya kuamrishwa na kazi ya kupeana kama zawadi, maana wakati mchana ofisini wanatafsiri walichoagizwa, pembeni yeye alikuwa anatafsiri mashairi ya Bei Dao kwa mapenzi tu. Kama unataka kuelewa ofisi hizi kwa ndani, kitabu chake ndo cha kusoma.

Moscow nao waliajiri watu kutoka nje. Ivy Litvinov, Mwingereza mke wa Litvinov aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alitafsiri Chekhov. Margaret Wettlin, Mmarekani aliyeenda huko 1932, alitafsiri Gorky. Bhisham Sahni, huyu baadae akawa mwandishi mkubwa wa Kihindi, alikaa Moscow 1957 mpaka 1963 akitafsiri Tolstoy na wengine kwenda Kihindi. Ona hapo, sio kwamba hawa walikuwa makarani, wengine walikuwa waandishi kabisa.

Kwa hiyo ukishika kitabu tafuta jina la mfasiri kabla hujasoma. Lipo? Li-gugo, uone kama lugha anayotafsiria ndo aliyozaliwa nayo, na ametafsiri nini kingine. Ukimpenda mmoja mfuate kwenye vitabu vyake vingine, inasaidia kuliko kumfuata mwandishi. Halipo? Inatokea sana, hasa kwenye vya siasa, na mara nyingi ina maana kilipita kwenye mikono ya kundi zima la wahariri. Utaisikia kwenye lugha, sentensi zimenyooka lakini hazina mtu.

Cheki pia kimetafsiriwa kutoka lugha gani. Rasul Gamzatov aliandika kwa Kiavar, lugha ya milimani Dagestan, lakini kitabu kitakwambia kimetafsiriwa kutoka Kirusi. Ina maana umepata tafsiri ya tafsiri, usimlaumu mshairi shairi likiwa limepoa. Hata hivo bila hizi ofisi Gamzatov asingefika popote nje, na hili ni jambo ambalo wanaozidharau hawalisemi, zilibeba lugha ndogo ambazo London na New York hazikuwa na habari nazo.

TANO, DIBAJI ISOME MWISHO

Dibaji ndo mahali serikali inapoongea kwa sauti yake. Kwenye Tolstoy wa Moscow kwa mfano ni kawaida kukuta Lenin ananukuliwa, aliandika makala juu ya Tolstoy 1908 akimwita kioo cha mapinduzi ya Urusi, na dibaji zikaifanya ndo njia ya kumsoma. Makala yenyewe sio ya kijinga, ila ukiisoma kwanza utamsoma Tolstoy mzima ukitafuta wakulima na mabwanyenye. Soma hadithi, maliza, afu rudi kwenye dibaji ubishane nayo. Tanbihi chini ya ukurasa usiziruke, hizo mara nyingi ni kazi safi, zinaeleza vyeo, sarafu, sikukuu, vitu ambavyo wachapishaji wa kibiashara wanaviacha.

Ukiweza linganisha ukurasa mmoja na tafsiri nyingine. Hiyo Red Mansions ya akina Yang ina pia tafsiri ya David Hawkes na John Minford kwa Penguin, majuzuu matano, 1973 hadi 1986. Chukua sura moja tu ya zote mbili. Yang wanashikilia karibu na maandishi, ni wafupi, hawaremberembi, Hawkes anakuongezea maelezo ndani ya sentensi ili usikwame. Mi kwa kusoma kwa raha nampa Hawkes, kwa kujua Kichina kimesema nini nawapa Yang, na watu watabisha, wabishe.

KUVITAFUTA

Intaneti tafuta kwenye Internet Archive kwanza, kwa maktaba tumia WorldCat itakuonyesha maktaba gani inacho. Siri ni kutafuta kwa tahajia ya zamani, ukiandika Lu Xun peke yake utakosa nusu ya vitabu, andika na Lu Hsun, Cao Xueqin, mwandishi wa Red Mansions, andika na Tsao Hsueh-chin, Aitmatov wa Kyrgyzstan jaribu Chingiz na Chinghiz. Tafuta pia kwa jina la mchapishaji na mwaka bila mwandishi, utavumbua vitu ambavyo hukujua vipo. Walitoa kwa Kiswahili pia, Moscow na Peking wote, kwa hiyo weka neno Swahili kwenye kichujio cha lugha uone.

Kuhusu kuchapa upya au kuuza pidiefu, usidhani kwa kuwa ile ofisi imekufa basi hakuna mwenyewe. Haki za mwandishi na mfasiri zinaweza kuwa hai bado. Kusoma soma.

Na kama unadhani haya mambo yameisha, fungua ukurasa wa hakimiliki wa riwaya ya kisasa iliyotafsiriwa. Utakuta shukrani kwa LTI Korea, au NORLA ya Norway, au TEDA ya Uturuki iliyoanza 2005, yani mipango inayopewa hela na serikali kugharamia tafsiri. Siku hizi serikali nyingi hazichapi zenyewe, zinampa hela mchapishaji wa nje achape yeye. Ni njia bora, mchapishaji anajua wasomaji wake, lakini swali ni lilelile, nani alilipa, na kitabu gani hakikulipiwa.

KWA KUANZIA

Anza na vifupi. Jamila ya Aitmatov, ya 1958, kitabu kidogo unamaliza jioni moja, mapenzi kijijini Kyrgyzstan wakati wa vita, mke anayemwacha mumewe aliye mstari wa mbele, na serikali ikakisambaza hicho dunia nzima, jiulize kwa nini walikipitisha. Afu hadithi za Lu Xun za akina Yang, toleo lolote, ila andika mwaka wake kwenye daftari. Ukimaliza hizo mbili ndo uingie majuzuu matatu ya Red Mansions, na jitengenezee karatasi ya majina mapema, wahusika ni mamia, wengi wa ukoo mmoja, na ukifika sura ya tano bila karatasi utaanza upya.